Chawa, konokono na furu: niliyojifunza kwenye tangi la nyumbani Butimba

Chawa wa samaki hujificha mchana kweupe. Ana mwili bapa wa milimeta tano hadi kumi, na mwili huo unapitisha mwanga, kwa hiyo unachokiona ni rangi ya samaki aliye chini yake. Kinachomfichua ni macho, nukta mbili nyeusi zilizokaa karibu karibu, ambazo zimetulia tuli mpaka uguse samaki, ndipo zinahama ghafla. Mara ya kwanza niliziona kwa dume wangu mkubwa wa furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria ninaowafuga, nyuma kidogo ya kichwa, pale pezi la ubavuni linapoanzia. Alikuwa ameanza kujikuna kwenye mawe. Anakuja kwa kasi, anageuza ubavu, anajisugua, anaondoka. Samaki hujikuna kwa sababu nyingi, na ya kwanza kuangalia ni maji. Nilipohakikisha maji ni mazima, nikazima taa za sebuleni usiku na kummulika kwa tochi kutoka ubavuni, si kutoka juu. Mwanga wa ubavuni unafanya kivuli, na chawa ana kivuli.

Kumtoa si kazi kubwa ukiwa na mtu wa kukushikia. Mpwa wangu alishika wavu, nikamlaza samaki kwenye kitambaa kilicholowa, nikambana chawa kwa kibanio na kumvuta kuelekea mkiani. Ukimvuta kwenda juu anang'ang'ania kwa vinyonyeo vyake viwili na kuondoka na ngozi. Palibaki doa jekundu dogo, nikalipangusa kwa pamba yenye aodini, mbali na matamvua, na samaki akarudi majini. Wengine niliwaogesha kwenye maji ya chumvi ya mawe, gramu kumi hadi kumi na tano kwa lita, kwa dakika chache tu huku nimesimama hapo hapo, na yeyote aliyeanza kuyumba alitolewa mara moja.

Jioni ile kila samaki alikuwa safi. Ndipo nikaanza kutafuta mayai.

Jike la chawa halitagi juu ya samaki. Linamwacha, linaogelea hadi kwenye kitu kigumu, jiwe au kioo au bomba la chujio, na kupanga mayai yake kwa mistari ndani ya utelezi unaogandamana. Niliyakuta nyuma ya bomba, upande wa kioo unaotazama ukuta, mstari wa nukta za rangi ya manjano hafifu ambao ungeudhania uchafu. Kwa joto la maji yetu, nyuzi 24 hadi 26, mayai hayo huchukua wiki mbili hadi tatu hivi kuanguliwa, na kitoto kinachotoka humo kinatafuta samaki tangu mwanzo. Chumvi haikuwa imeyafanya kitu. Kibanio hakikuwa kimeyagusa. Mtu ambaye angefurahia samaki wake safi wa jioni ile, wiki ya tatu angekuwa na chawa wengi kuliko mwanzo, na angesema dawa ni feki.

Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu wadudu niliowatoa, nahesabu siku za mayai. Nilikwangua kioo kwa wembe, nikayatoa mawe yote na kuyaanika juani juu ya bati mpaka yakauka kabisa, kwa sababu yai la chawa likikauka limekufa. Halafu nikachukua ile kalenda ya ukutani inayogawiwa mwisho wa mwaka, nikazungushia kalamu wiki ya pili, ya tatu, ya nne na kuendelea hadi muda wa kuanguliwa ulipopita mara mbili. Kila tarehe iliyozungushiwa ni tochi, wavu na kitambaa. Ukaguzi wa katikati ulinipa chawa wadogo wawili watatu ambao walikuwa bado hawajakua vya kutosha kutaga. Hao ndio ushindi wenyewe, maana ukiwakamata katika umri huo umeikata kamba.

Mzee mmoja wa Luchelele ambaye hunivulia furu kwa ndoana anawajua chawa hawa kuliko mimi. Nilipompelekea mmoja kwenye kichupa, alikiinua kwenye jua.

"Shikamoo mzee. Huyu mmemzoea huku?"

"Marahaba mwanangu. Huyu hata sato anaye, tena wa kwenye vizimba ndio zaidi. Ziwani samaki ana pa kukimbilia. Ukimfungia mahali pamoja na mwenzake, chawa anahama nyumba kwa nyumba."

Nimekuwa nikilikumbuka neno lake kila ninapotaka kuongeza samaki kwenye tangi. Tangi langu ni la lita mia tatu hivi, la kioo nene, limeunganishwa kwa silikoni na fundi vioo wa mtaani kwetu. Kwa macho ya mgeni ni kubwa. Kwa chawa ni chumba kimoja.

Watu huniuliza kwa nini nafuga furu, samaki ambaye hapa Mwanza anakaushwa na kuuzwa kwa fungu, wakati maduka yana samaki wa rangi kutoka nje. Jibu langu ni refu kidogo. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500 au zaidi, karibu zote zisizopatikana mahali pengine duniani. Sangara, samaki mkubwa anayekula furu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akaongezeka kwa kishindo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakifanya kazi kwenye Ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 walishuhudia aina baada ya aina zikikosekana kwenye nyavu zao. Waliobaki salama zaidi ni wale wa kwenye miamba, kama Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu. Dume lake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano uliokatwa na milia meusi. Wa kwangu wanatoka kwenye mwamba mmoja, na sichanganyi na wa mwamba mwingine. Samaki wa namna hii akifa kwa chawa, huendi dukani kununua mwingine. Ndiyo maana suala la wadudu kwangu si usafi wa pambo la sebuleni.

Na wadudu wenyewe, karibu wote, hawaji na samaki. Wanakuja na majani.

Tangi la furu si lazima liwe na majani, lakini mimi nayapenda, na vifaranga wanayahitaji kujifichia. Pembezoni mwa ziwa yapo bure. Kuna valisneria yenye majani marefu membamba, na yale laini yanayoelea bila mizizi. Kuna pia gugu maji, ambalo silichukui hata kwa dakika moja. Limelisumbua ziwa hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mizizi yake ni msitu mzima wa viumbe. Chukua mzizi mmoja uutikise kwenye beseni jeupe, utaona ninachosema: ruba, lava (yaani watoto wa wadudu) wa kila namna, na konokono juu ya konokono.

Hapo kwenye konokono ndipo naomba msomaji wa kandokando ya ziwa anisikilize vizuri, kwa sababu hapa haliwi tena suala la samaki.

Kuna konokono wa majini ambaye gamba lake ni bapa, limezunguka kama ngata ya kubebea ndoo kichwani. Wataalamu humwita Biomphalaria. Ndiye anayebeba kichocho cha tumbo, kile kinachotoa damu kwenye choo kikubwa na baadaye kuharibu ini. Mwenzake, Bulinus, mwenye gamba lililochongoka kidogo, hubeba kile cha mkojo. Mayai ya mnyoo wa kichocho hutoka kwa mtu mgonjwa na kuingia majini, yanaanguliwa, kile kitoto kinaingia ndani ya konokono, kinazaliana humo kwa wiki nne hadi sita au zaidi, kisha konokono anaanza kutoa lava wengine wadogo sana, maelfu kwa maelfu, ambao hupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Hapana haja ya kunywa maji hayo. Mkono tu unatosha.

Binti yangu yuko shule ya msingi na ndiye anayelisha samaki asubuhi. Mkono wake uko ndani ya tangi kila siku.

Kwa hiyo niliyakagua majani niliyoletewa na kijana wa ziwani kabla hayajagusa tangi. Nilikuta konokono bapa wa kutosha, na chini ya majani nikakuta vifuko vya mayai vyenye utelezi usio na rangi, vimegandamana bapa, ndani yake nukta nukta. Rafiki yangu ambaye ni fundi sanifu wa maabara alinifundisha jinsi wanavyopimwa. Tuliwaweka kila mmoja kwenye glasi yake ya maji safi, tukavaa glavu, tukaziacha glasi dirishani penye mwanga mkali. Konokono huyu hutoa lava wake jua linapopanda, kuanzia majira ya saa tano asubuhi hivi. Glasi nyingi zilibaki maji matupu. Moja ilianza kuwa na vumbi linalocheza. Chembe nyeupe, ndogo kiasi kwamba ukikodoa macho zinapotea, zilikuwa zinapanda kwa mitikisiko kisha zinashuka polepole, zinapanda tena. Alichukua tone akaliweka chini ya hadubini, akanipisha. Kichwa kimoja kirefu, mkia mmoja, na mwisho wa mkia umegawanyika ncha mbili.

"Kwa kutazama tu siwezi kuapa kwamba huyu ni wa binadamu," aliniambia. "Wapo na wa ndege wanaofanana naye. Lakini mkono wako, dada, usiuweke humo."

Wale konokono wote tuliwamwagia maji yaliyochemka. Nilirudi nyumbani na hofu, na ilinichukua muda kuipanga ile hofu mpaka ikawa maarifa. Mambo yake, nikiyaeleza kwa utaratibu, ni haya. Konokono anayezaliwa ndani ya tangi lako hana kichocho, kwa sababu ugonjwa haupiti kwenye yai lake. Ili aupate lazima kinyesi au mkojo wa mtu mgonjwa uingie kwenye maji yake, jambo ambalo sebuleni halitokei. Hatari yote iko kwa konokono mzima aliyetoka ziwani tayari ameambukizwa, na kwenye maji ya ziwa mabichi yaliyoletwa naye. Lava wakishatoka kwa konokono na wakakosa ngozi, hawamalizi siku mbili au tatu. Maji ya ziwa yaliyokaa kwenye pipa lisilo na konokono kwa muda huo hayana tena cha kukudhuru upande huu. Mimi huyaacha siku tatu kamili, na mara nyingi natumia ya bomba, nikiyaacha usiku kucha na pampu ya hewa ili klorini itoke.

Kuna jambo jingine alilonieleza rafiki yangu wa maabara ambalo liliniunganishia kila kitu. Prazikwanteli, dawa ile ya kingatiba wanayopewa watoto shuleni, humuua mnyoo aliyekomaa. Mnyoo mchanga aliyeingia mwilini wiki iliyopita humwacha karibu kama ilivyomkuta. Mtu aliyelowa maji ya ziwa Jumapili na kumeza dawa Jumatatu hajajikinga. Dawa inatakiwa imkute mnyoo katika umri wake, wiki sita hadi nane baadaye, na hospitali wakiona haja wanairudia. Nikawaza mayai yangu ya chawa nyuma ya bomba. Mdudu wa kwenye mapezi na mnyoo wa kwenye mishipa ya damu hawana undugu wowote, lakini wote wawili wana umri ambao dawa haiwafikii, na ukiujua umri huo umeshajua tarehe ya kurudi.

Basi majani sasa hayaingii tangini bila kupita kwenye ndoo. Nyuma ya nyumba, chini ya mti, nina ndoo kubwa tatu zenye mifuniko ya wavu wa mbu. Jani likifika nalisuuza kwenye beseni jeupe nikiwa nimevaa glavu ndefu za mpira, naondoa kwa kisu kila jani lenye kifuko cha mayai, halafu nalilaza kwenye maji ya shabu. Shabu hii ni ile ile ya kutulizia tope kwenye maji ya kunywa, inauzwa sokoni kwa bei ndogo. Vijiko vitatu vya chakula kwa lita kumi, usiku kucha. Valisneria inavumilia. Majani laini sana yanaungua ncha, kwa hiyo hayo huyapa masaa machache tu. Watu wengine hutumia zile fuwele za zambarau, potasiamu pamanganeti, gramu moja kwa lita mia moja za maji, dakika kumi. Nazo ni nzuri kwa ruba na lava, ila kwa mayai ya konokono siziamini, nimewaona wakianguliwa baada yake wakiwa wazima kabisa.

Baada ya shabu majani yanasuuzwa, yanaingia kwenye ndoo ya maji safi, na hapo yanakaa. Mayai ya konokono bapa huanguliwa kati ya wiki moja na siku kumi hivi. Kwa hiyo kila wiki nabadilisha maji, natoa vikonokono vilivyozaliwa vikiwa bado vidogo, na nasubiri. Mwezi mzima ukipita bila kipya, majani yanaingia ndani. Wageni wangu wengi huona mwezi ni mrefu. Lakini konokono bapa hahitaji mwenza, mmoja peke yake anajitosheleza kutaga, na akishaingia kati ya mawe ya tangi la lita mia tatu unaanza kazi ya mwaka.

Ndoo zina faida nyingine ambayo sikuitegemea. Jike mmoja wa furu alikuwa ameatamia mdomoni. Hubeba mayai, kisha vifaranga, wiki tatu hivi bila kula vizuri, koo limevimba, na kifaranga akitoka ni mzima wa kuogelea. Nilikuwa nimemtenga kwenye tangi dogo lenye majani yaliyotoka kwa mfugaji mwenzangu. Vifaranga wakatoka, nikawaona wakitembea kwa kundi juu ya mchanga. Kesho yake kundi limepungua. Kesho kutwa limepungua tena. Hakuna maiti hata moja. Niliketi mbele ya kioo usiku na tochi yenye mwanga hafifu, na baada ya muda mrefu kipande kimoja cha "uchafu" kwenye shina kilitembea. Kilikuwa lava wa kereng'ende, kijivu, miguu sita, amejibana kwenye shina kwa rangi ile ile ya shina. Kifaranga alipopita mbele yake, mdomo wa chini ukachomoka mbele, ukamshika na kumrudisha kinywani, yote hayo kabla kope zangu hazijafunga na kufunguka. Aliingia akiwa yai ndani ya jani. Kereng'ende wengi hutoboa shina na kuficha yai humo, mahali ambapo suuza yako yote haifiki. Ndoo ya mwezi mmoja inampa muda wa kuanguliwa na kuonekana, na ukimulika usiku unampata.

Haidra nao walikuja hivyo hivyo. Ni vijiuzi vya milimeta chache vyenye mikono inayonata, vimesimama juu ya kioo, na wanaongezeka kwa kuchipua ubavuni pale palipo na chakula kingi cha vifaranga. Mkubwa hawamwezi, ila kifaranga mdogo wanamchoma. Dawa ya minyoo ya mifugo iitwayo fenbendazoli inawamaliza, na inapatikana kwenye maduka ya dawa za mifugo, lakini inaweza kudhuru konokono, hata wale unaowataka. Mimi nilihamisha vifaranga, nikalimwaga tangi dogo, nikalisuuza kwa maji ya moto na kulikausha. Ilitosha.

Maana wapo konokono ninaowataka, ama tuseme ambao nimekubali kuishi nao. Yule mrefu mwembamba, Melanoides tuberculata, ni mwenyeji wa ziwa hili. Mchana anazama mchangani, usiku anatoka, anageuza mchanga na kula mabaki ya chakula. Hatagi, anazaa watoto hai, na jike mmoja bila dume anajaza tangi. Habebi kichocho. Wakizidi, maana yake nalisha samaki kupita kiasi, na nikipunguza chakula nao wanapungua. Kwake situmii kitu kingine.

Wafugaji wengi wakiona konokono wanakimbilia dawa yenye shaba. Nawasihi wasifanye hivyo, hasa huku kwetu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa nyingi, na katika maji laini shaba inakuwa kali zaidi kwa samaki. Inaua konokono, inamdhoofisha furu, na inajificha kwenye mchanga na mawe ikisubiri siku nyingine. Niklosamaidi, inayotumika kuua konokono wa kichocho kwenye mifereji na mabwawa, inaua samaki vilevile. Hiyo isikanyage nyumbani kwako.

Ukitaka msaidizi wa kweli, ziwa lenyewe linaye. Kuna furu aitwaye Astatoreochromis alluaudi, mkazi wa pembezoni na kwenye matete, ambaye ndani ya koo ana taya za pili zenye meno bapa, mazito, ya kusagia magamba. Niliwahi kukaa naye kwenye tangi la pili. Anamchukua konokono bapa kinywani, anamrudisha ndani, anatulia, halafu unausikia mlio kupitia kioo, kakara, na vipande vya gamba vinatoka kwenye matamvua. Samaki wa mawazo yangu kabisa. Lakini kuna jambo ambalo mtaalamu wa samaki Humphry Greenwood alilionyesha mwaka 1965: samaki huyu akikulia kwenye tangi kwa chakula laini, zile taya za koo zinakua nyembamba na meno yake madogo, tofauti na ndugu yake wa ziwani anayesaga konokono kila siku. Kwa hiyo huwezi kumlea kwa dagaa wa kusagwa miezi mingi halafu siku konokono wamejaa umgeukie umwambie asage. Ukimfuga kwa kazi hiyo, mpe konokono tangu mdogo, na wawe wale waliozaliwa kwenye ndoo, si waliookotwa ziwani. Ni mkorofi pia, na dume wa nyererei hataishi naye kwa amani, kwa hiyo tangi lake ni lake.

Hapo linaingia suala la samaki wapya, ambao nao wana karantini yao ya wiki sita kwenye tangi tupu lisilo na mchanga wala mawe, ili chawa akikosa samaki na kutaga, atage kwenye kioo ninachoweza kukwangua. Tangi hilo lina jina la mwamba walikotoka, limeandikwa kwenye plasta juu ya kioo. Majike wa Pundamilia nyererei na wa ndugu yake, Pundamilia pundamilia, wanafanana mno, rangi zao zimefifia, na mtu aliyechanganya tangi mbili za majike siku ya matibabu hatawatenganisha tena kwa macho. Mtafiti wa furu Ole Seehausen na wenzake waliandika mwaka 1997 jinsi hata majike wenyewe, maji yakiwa na tope, wanavyoshindwa kuona rangi za kutofautisha madume wa aina yao na wa aina nyingine, na jinsi aina zinavyochanganyika na kupotea kwa njia hiyo. Ikiwa tope linawachanganya ziwani, mimi sitawachanganya kwa wavu.

Watu wawili mtaani kwetu wameanza kufuga baada ya kuona tangi langu, na wote niliwaambia wanunue ndoo kabla ya kioo. Mmoja aliniletea majani yake nimkagulie, nikamkabidhi tochi akague mwenyewe, akampata lava wa kereng'ende wa kwanza kabla sijamaliza kumimina chai.

Kilichobaki ni maji machafu. Kila wiki natoa karibu robo ya maji ya tangi, na kila ndoo ya karantini inatoa yake, yakiwa na mayai, konokono wadogo, chumvi au shabu ndani yake. Mtaro wetu wa Butimba unateremka moja kwa moja ziwani, kwa hiyo hauoni tone la maji hayo. Ya chumvi na ya shabu yanamwagwa kwenye shimo nyuma ya nyumba. Ya kawaida yanapita kwenye kitambaa, kisha yanakwenda kwenye migomba, nayo inayapenda. Konokono na majani yaliyokataliwa yanaanikwa juu ya bati mpaka yakauke kabisa, ndipo yanachomwa. Na samaki aliyeishi na mimi, awe mzee au mgonjwa au wa ziada, harudi ziwani kwa sababu yoyote, hata kama ni furu aliyezaliwa na wazazi waliotoka umbali ninaoweza kuuona kutoka kibarazani. Akiwa mzima anakwenda kwa mfugaji mwingine, na anakwenda na karatasi yenye jina la mwamba wao na tarehe ya mwisho aliyokaguliwa chawa.